Plasi mbili peke yake hazinitoshi

Wakunga wanawajua kina mama kwa matumbo yao, mimi nawajua kwa mikojo yao. Ndiyo kazi ya maabara. Kopo linapita dirishani likiwa na jina na namba, mwenyewe anarudi kukaa kwenye benchi, na baada ya dakika chache natakiwa niandike kwenye fomu jambo linaloweza kumruhusu aende nyumbani au kumlaza wodini siku hiyo hiyo. Leo nataka kuzungumzia zile plasi za protini, alama za + tunazoandika tukitafuta preeklampsia, ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kufikia kifafa cha mimba, maana naona zinaogopwa pasipo sababu, na zinapuuzwa pale pale palipo na sababu.

Nianze na stripu yenyewe, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Kile kisanduku cha protini huwa cha njano. Albumini, protini kuu ya damu, ikikigusa kinageuka kijani, na kadiri inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea kuelekea bluu. Plasi moja ni kama miligramu 30 kwa desilita, mbili ni 100, tatu ni 300. Hapo kwenye "kwa desilita" ndipo penye mtego. Stripu inasoma ukolezi wa mkojo uliomo koponi. Haijui mama alikunywa maji kiasi gani, na haijui figo imevujisha protini ngapi tangu jana.

Kuna mama mmoja, mimba ya wiki 33, aliandikiwa fomu mbili siku moja kwa sababu muuguzi wa zamu ya mchana hakujua kwamba ameshapimwa asubuhi. Mkojo wa asubuhi ulikuwa mzito, stripu ikasoma plasi mbili. Wa mchana ulikuwa karibu na maji, kijani chenyewe cha kutafuta kwa tochi. Nikaandika "dalili tu", yaani haifiki plasi moja. Muuguzi akaja dirishani.

"Dada, mbona unatuchanganya? Asubuhi plasi mbili, sasa hivi hakuna kitu. Tumwambie nini daktari?"

"Msimwambie kitu bado. Niachieni makopo yote mawili."

Nikapima protini kwa mashine, na kreatinini kwenye mkojo ule ule. Asubuhi: protini miligramu 1,200 kwa lita, kreatinini milimoli 26 kwa lita. Gawanya, unapata 46. Mchana: protini 200, kreatinini 4.5. Gawanya, unapata 44. Mama ni yule yule, figo ni zile zile, na jibu kumbe ni lile lile. Tofauti yote ilikuwa maji. Na kikomo kinachotumika kwa wajawazito ni miligramu 30 kwa milimoli, kwa hiyo ule mkojo wa mchana ambao stripu iliusafisha ulikuwa umeshavuka.

Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu kreatinini inatoka kwenye misuli na figo inaitoa kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa siku nzima. Maji yakiongezeka, protini na kreatinini zinazimuliwa pamoja, na ukigawanya moja kwa nyingine maji yanajifuta yenyewe. Wanaopima vyote viwili kwa miligramu wanaandika kikomo kuwa 0.3, ni kitu kile kile. Ukipima albumini peke yake badala ya protini zote, wenzetu wa Uingereza wanatumia kikomo cha 8 kwa milimoli. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu ana jibu la albumini la 12 akaambiwa halijafika 30, hana tatizo. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, jamani.

Kabla ya hapo kipimo kilichoheshimiwa ni cha saa 24, na kikomo chake ni miligramu 300. Sikidharau, ila kinahitaji mtu mwenye nidhamu ya askari. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, saa inaandikwa, kila tone baada ya hapo linaingia kwenye galoni, hadi ule wa asubuhi inayofuata. Wengi wanaanza na ule wa kumwaga, au wanasahau wa usiku. Nikiletewa galoni la nusu lita la "siku nzima" najua tu.

Halafu kuna uchafu unaojifanya protini. Uchafu wa ukeni, damu, maji ya chupa yaliyoanza kuvuja, vyote vina protini na stripu haiulizi imetoka wapi. Dawa ya klorheksidini ikibaki kwenye kopo, kijani kinatokea hata kama hakuna kitu. Mkojo uliokaa mezani muda mrefu, bakteria wakaugeuza kuwa wa alkali, nao unadanganya. Ndiyo maana tunawasumbua: jisafishe kwanza, kojoa kidogo chini, kinga wa katikati, lete sasa hivi. Si ubabe wa maabara.

Stripu zikiisha (na zinaisha), natumia njia ya kuchemsha. Natia mkojo kwenye tyubu hadi robo tatu, naishika kwa chini, naichemsha sehemu ya juu tu kwenye moto. Kama kuna protini panaanza kuonekana wingu jeupe juu, na chini panabaki angavu, kwa hiyo unalinganisha ndani ya tyubu moja. Kisha matone machache ya asidi ya asetiki: wingu likitoweka ilikuwa fosfeti, likibaki ni protini. Hii si mbinu ya dharura ya kubuni. Mwaka 1843, John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alikuta albumini kwenye mikojo ya wanawake waliokuwa na kifafa cha mimba, na kupima albumini enzi hizo kulikuwa ni huku huku kuchemsha. Ndiko tulikotoka, na kwa kweli hatujaenda mbali sana.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hili liko kwenye damu, ila bila hilo mkojo hausomeki.

Figo ya mjamzito si figo ya siku zote. Tangu wiki za mwanzo kabisa, kabla hata tumbo halijaonekana, damu inayopita figoni inaongezeka sana na uchujaji unapanda kwa karibu nusu ya ulivyokuwa. Figo zenyewe zinarefuka kwa sentimita moja hivi. Sukari kidogo inaweza kutokea kwenye mkojo bila kisukari, kwa sababu chujio limeongeza kasi na mirija inashindwa kuirudisha yote. Na kwa kuwa uchujaji umepanda, kreatinini ya kwenye damu inashuka. Mwanamke asiye na mimba anaweza kukaa kwenye mikromoli 70 au 80 kwa lita akawa mzima wa afya. Mjamzito tunategemea awe kati ya 35 na 70 hivi.

Fomu nyingi za majibu hazijui hilo. Zimechapwa kiwango kimoja cha wanawake wote.

Mdogo wangu wa kike alipimwa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mwanzo wa mimba kreatinini yake ilikuwa 47. Wiki ya 35 akaenda kwa sababu kichwa kinamuuma na pete imegoma kutoka kidoleni. Wakapima, ikaja 92. Pembeni ya namba pameandikwa kiwango cha kawaida ni 44 hadi 97, na mbele yake mtu amepiga tiki. Mkojo: protini plasi moja, "anywe maji". Akanitumia picha ya fomu jioni, akaandika tu, "Dada, kumbe niko sawa."

Nikampigia. "Rudi sasa hivi, usingoje kesho. Na fomu ya mwanzo ya kliniki uende nayo."

"Lakini wamesema kawaida."

"Kawaida ya nani? Wewe ulikuwa 47."

Alienda hospitali nyingine. Presha 158 kwa 104, uwiano wa protini kwa kreatinini 97. Walimlaza, na siku iliyofuata wakamwanzishia uchungu. Mtoto yupo, mama yupo. Lakini ile tiki bado inanikera, kwa sababu kreatinini iliyokaribia kuongezeka maradufu ndani ya mimba moja si kawaida kwa fomu yoyote duniani. Miongozo ya kimataifa inahesabu 90 na zaidi kuwa ni figo iliyoathirika kwa mjamzito. Ya Marekani inasema zaidi ya miligramu 1.1 kwa desilita (kama 97 kwa kipimo chetu), au kuongezeka maradufu. Sisi kwenye maabara yetu sasa tunaandika maelezo ya mkono kwenye kila fomu ya mjamzito, na tunafukuzana na wenye programu ya kompyuta watuwekee kiwango chao.

Kwa nini figo hasa ndiyo inayosema mapema? Hapa sayansi imekuwa tamu katika miaka hii. Kwenye preeklampsia, kondo la nyuma ambalo mishipa yake haikutanuka vizuri linamwaga kwenye damu ya mama kitu kinachoitwa sFlt-1. Kazi yake mbaya ni kunasa vichocheo viwili vinavyolea mishipa ya damu, VEGF na PlGF. Sasa, ndani ya chujio la figo kuna seli zenye vidole, podositi, ambazo zimeukumbatia mshipa mdogo kwa nje na kuulisha VEGF muda wote ili ukuta wake wa ndani ubaki na vitundu. VEGF ikinaswa, ukuta ule unavimba, vitundu vinaziba, uchujaji unashuka, na bado protini inavuja. Uvimbe huo wataalamu wa hadubini waliupa jina tangu 1959, ila habari ya sFlt-1 kuwa ndiyo mchokozi ilikuja 2003.

Ushahidi unaonifurahisha kuliko wote hauna mimba ndani yake. Bevacizumab ni dawa ya saratani inayozuia VEGF. Wagonjwa wanaoitumia, wakiwemo wanaume, hupatwa na presha ya juu na protini kwenye mkojo. Kondo hakuna, mtoto hakuna, lakini umekata chakula kile kile na figo imelalamika vile vile.

Ukiielewa picha hiyo, vipimo vipya vya mkojo vinapangika kichwani kulingana na vinatokea sehemu gani. Albumini inasema chujio linavuja, basi. Podositi zenyewe zikionekana kwenye mkojo, inasema chujio linabanduka seli. Watafiti wa Mayo Clinic walionyesha mwaka 2007 kwamba wanawake wenye preeklampsia, wanapojifungua, wana seli hizo kwenye mkojo. Kazi nzuri mno. Lakini kuzipata ni kuzungusha mkojo, kuzikuza seli, kisha kuzipaka rangi ya kutambua podosini, protini ya podositi, na kuzihesabu kwa hadubini maalumu. Mimi nina makopo yamejaa dirishani. Protini zinazotokana na seli hizo, kama nefrini, zinapimika kwa urahisi zaidi, na hizo ndizo ninazozitazama kwa matumaini.

Mirija nayo ina wapiga filimbi wake, protini za mkojoni zinazopanda mirija ikiumia: NGAL, KIM-1, NAG. NGAL inasifiwa sana kwa sababu figo ikiumia ghafla inapanda ndani ya saa chache, wakati kreatinini ya damu inangoja siku. Tatizo ni kwamba seli nyeupe za damu nazo zinaitengeneza. Mjamzito mwenye usaha kwenye mkojo, na wapo wengi, NGAL yake itakuwa juu kwa sababu ya maambukizi. Kwa hiyo yeyote atakayeniletea kipimo cha NGAL kwa ajili ya kliniki ya wajawazito nitamuuliza kwanza: mkojo huu umeangaliwa usaha? KIM-1 inatoka kwenye mirija yenyewe iliyoumia, ni safi zaidi. Lakini tukumbuke, ugonjwa huu unaanzia kwenye chujio, mirija inafuata baadaye au isifuate. Sishangai tafiti za mirija zinapotoa majibu yanayovutana.

Halafu kuna kundi la vipimo ambavyo viko kwenye mkojo lakini vinasema habari za kondo. PlGF ni ndogo, inapenya chujio na kuingia kwenye mkojo. sFlt-1 ni kubwa, inabaki kwenye damu. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba PlGF ya mkojo inakuwa chini katikati ya mimba kwa wanawake wanaokuja kupata preeklampsia ya mapema. Kwenye damu wameenda mbali zaidi: uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF ukiwa 38 au chini, unaweza kumtuliza daktari kwa wiki moja mbele. Mkojo haujafikia hapo. Na mwaka 2014 ikaja ile ya rangi ya Kongo nyekundu, ambayo sisi tunaifahamu kwa ugonjwa wa amiloidi: mkojo wa mwenye preeklampsia una protini zilizokunjika vibaya na rangi hiyo inazing'ang'ania. Hii inanivutia kwa sababu ni rangi na karatasi, vitu ambavyo hata maabara ndogo inaviweza.

Kuna na kipimo cha zamani ambacho hakuna anayekipigia debe: kalsiamu ya mkojo. Tangu 1987 inajulikana kwamba kwenye preeklampsia inashuka. Ni kipimo rahisi, mashine ya kawaida inakipima, na nimewahi kukitumia kumsaidia daktari aliyekuwa na mama mwenye presha ya siku nyingi, hajui kama hii protini ni ya presha ile ile au ni preeklampsia imepanda juu yake. Hakitoshi peke yake, ila kiliongeza uzito upande mmoja wa mzani.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa mkojo, lazima niseme hili kwa sauti: mkojo safi si cheti. Tangu 2013 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliondoa sharti la protini. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea baada ya wiki 20, pamoja na chembe sahani (zile za kugandisha damu) kushuka chini ya 100,000, au vimeng'enya vya ini kupanda mara mbili, au kreatinini kupanda, au maji kwenye mapafu, au kichwa kisichosikia dawa, au macho kuona nyotanyota, inatosha kuitwa preeklampsia hata kama stripu yangu ni ya njano tupu. Waliondoa pia ile ya zamani ya kusema gramu tano za protini ni ugonjwa mkali, kwa sababu wingi wa protini peke yake hauamui nani atazidiwa. Kwa hiyo kurudia kupima protini kila siku kwa mama ambaye ameshathibitishwa ni kutuchosha bure. Afadhali niletewe damu ya chembe sahani.

Wodini kuna kipimo kingine cha figo ambacho hakiji kwangu kabisa. Mama akiwekwa kwenye magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, dawa ile haina mlango wa kutokea isipokuwa figo. Figo ikilegea, dawa inalundikana, na ikizidi inazima pumzi. Ndiyo maana wauguzi wanachungulia mfuko wa mkojo: chini ya mililita 100 kwa saa nne, dozi inayofuata inasubiri. Wanagonga goti waone kama linaruka, wanahesabu pumzi, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitengua magnesiamu, iko karibu. Mililita kwenye mfuko, bila kemikali wala mashine. Kati ya vipimo vyote nilivyovitaja hicho ndicho kinachookoa mtu usiku huo huo.

Baada ya kujifungua, msiharakishe kuniletea mkojo. Damu ya uzazi inaingia koponi na kila mtu atakuwa na plasi tatu. Protini yenyewe ikiwa ni ya preeklampsia huisha taratibu, mara nyingine kwa wiki kadhaa, na kipimo chenye maana ni cha kama miezi mitatu. Ikiwa bado ipo, huenda kulikuwa na ugonjwa wa figo chini yake tangu awali, na hapo ni kwa daktari wa figo. Utafiti wa Norway uliotoka 2008, uliofuatilia wanawake zaidi ya 570,000, ulikuta waliopata preeklampsia kwenye mimba ya kwanza walikuwa na hatari ya figo kushindwa kabisa mara 4.7 ya wengine. Isiwatishe kupita kiasi: waliofikia hatua hiyo, kwa wote waliofuatiliwa, ni 477. Lakini ni sababu tosha ya kupima.

Shida ni kwamba hakuna anayekuja. Mtoto anapelekwa kliniki, anapimwa uzito, anachomwa sindano, mama yupo pale pale amembeba na hakuna anayemwomba kopo. Akija, anakuja na fomu iliyoandikwa "mkojo" tu, nami nitapima mkojo tu: stripu, hadubini, kwaheri. Kwa hiyo mwambieni aliyewaandikia aongeze kwa mkono wake "albumini kwa kreatinini", na "alipata preeklampsia", na tarehe ya kujifungua. Na kreatinini ya damu. Kiwango kilichochapwa kwenye fomu wakati huo kitakuwa kimerudi kuwa chenu, ila ile namba ya mwanzo wa mimba njooni nayo.